Faili lako limekataliwa, na mfumo haukuambii kwa nini

Pita kwenye steshenari yoyote ya Mwenge au Ubungo, Dar es Salaam, wiki ya mwisho ya maombi ya vyuo au ya mkopo, utakuta foleni ya watu wenye bahasha za kaki mkononi na kijana mmoja kwenye kompyuta anabofya kitufe kilekile mara ya sita. Mtandao upo, umeme upo. Kinachogoma ni faili. Mfumo unaandika tu kwamba faili si sahihi, basi. Hausemi kama ni kubwa mno, kama ni la aina nyingine au kama jina lake lina alama ambayo mfumo hauitaki. Huo ni uvivu wa waliolitengeneza tangazo hilo, na anayelipia ni mwombaji anayeskani cheti kimoja mara tatu. Kwa kuwa mfumo si wetu na hatuwezi kuurekebisha, dawa ni kumaliza kazi yote ya nyaraka kabla hujaufungua.

Ukubwa wa faili

Kamera ya simu ya megapikseli 12 inatoa picha ya nukta 4000 kwa 3000, na faili lake kwa kawaida linakuwa na MB 3 hadi 5. Mifumo mingi ya maombi inakubali MB 1 au 2 kwa faili moja, na mingine inashuka hadi KB 500. Kwa hiyo simu ikiwa nzuri, ndivyo cheti chako kinavyozidi kukataliwa.

Kwenye skana, kinachoamua uzito ni dpi, yaani idadi ya nukta katika kila inchi. Karatasi ya A4 kwa dpi 300 ina nukta 2480 kwa 3508, karibu milioni 8.7. Kwa dpi 150 inabaki na 1240 kwa 1754, milioni 2.2 hivi. Wengi wanakosea hesabu hapa: ukikata dpi nusu, nukta hazibaki nusu, zinabaki robo, maana umepunguza upana na urefu kwa mpigo. Cheti cha herufi za kawaida kinasomeka bila shida kwa 150. Chenye maandishi madogo, kama matokeo yenye jedwali refu, kipe 200. Steshenari nyingi skana imeachwa kwenye 300 tangu siku iliponunuliwa, kwa hiyo mwambie mhudumu mapema, kabla hajabonyeza.

Kisha kuna rangi, na hapa ndipo vyeti vya watu vinapoharibikia. Skana ina njia tatu: rangi kamili, kijivu, na nyeusi na nyeupe tupu. Hiyo ya tatu inatoa faili dogo kuliko zote, ndiyo maana mhudumu mwenye haraka anaikimbilia. Lakini katika njia hiyo kila nukta lazima iwe nyeusi au nyeupe, hakuna katikati. Muhuri wa bluu wa wakili uliopigwa kwa wino hafifu unahesabiwa kuwa mweupe, na unatoweka. Nakala uliyolipia ithibitishwe inamfikia mkaguzi ikiwa haina uthibitisho wowote. Picha ya mwenye cheti nayo inageuka doa la masizi. Chochote chenye muhuri au picha, skani kwa rangi, dpi 150. Ikizidi kidogo, hamia kwenye kijivu, ambako muhuri unabaki unaonekana japo umepoteza rangi. Usivuke hapo.

CV usiiskani kabisa. Kuichapisha kwenye karatasi kisha kuirudisha kwenye kompyuta kwa skana ni kugeuza maandishi yawe picha: faili la KB 60 linafika KB 600, na mwajiri hawezi tena kutafuta neno ndani yake. Ihifadhi kama PDF moja kwa moja kutoka Word.

Mfumo ukitaka vyeti vyote katika PDF moja ya MB 2, gawanya kwanza. Kurasa tano ndani ya MB 2 ni KB 400 kila ukurasa, kwa hiyo hakikisha kila mmoja umeshuka chini ya hapo kabla ya kuziunganisha. Tena acha nafasi. Mifumo mingine inahesabu MB kuwa baiti 1,000,000, na Windows inahesabu 1,048,576. Faili la baiti 2,050,000 Windows italionyesha kama MB 1.95, utafurahi, kisha mfumo wa aina ile ya kwanza utalikataa kwa kuzidi MB 2. Ukilenga MB 1.8 hutakutana na mtego huu.

Kwa anayetumia simu, programu ya Google Drive ya Android ina kitufe cha kuskani kinachokata kingo za karatasi na kutoa PDF, na iPhone inafanya hivyo ndani ya programu yake ya kuandikia kumbukumbu. Weka karatasi karibu na dirisha, zima flashi ya kamera, hasa kama cheti kimepigwa lamineshni, kwa sababu mwanga unarudi kama doa jeupe katikati ya jina. Tandika kitambaa cheusi kisicho na maua. Kanga haifai: programu inatafuta kingo za karatasi, na ikikutana na pindo la kanga inakata pale.

Usimtumie mhudumu cheti kwa WhatsApp kama picha. WhatsApp inaibana ili isafiri haraka, na herufi ndogo zinafifia. Kitume kama waraka, kitafika kama kilivyo. Zile tovuti za kupunguza PDF bure zinafanya kazi, lakini kumbuka kwamba unapakia cheti cha kuzaliwa na kitambulisho kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Kwa CV sawa. Kwa kitambulisho, rudia kuskani kwa dpi ya chini.

Aina ya faili, na jina lake

Mfumo ukitaka PDF, kubadilisha mwisho wa jina kutoka .jpg kuwa .pdf hakusaidii kitu. Faili la PDF linaanza na herufi %PDF kwa ndani, na JPEG ina mwanzo wake tofauti. Mfumo makini unasoma mwanzo huo, hautazami jina. Fungua picha kwenye kompyuta, chagua kuchapisha, na mahali pa printa chagua PDF. Windows 10 na 11 zina printa hiyo ndani yake tayari. Njia hiyohiyo inasaidia pia kwa PDF iliyofungwa kwa nenosiri, kama taarifa za akaunti zinazotumwa na benki: ifungue, ichapishe upya kama PDF, nenosiri halitakuwepo tena. Kama mtoaji amezuia kuchapisha, mwombe nakala isiyofungwa.

Wenye iPhone: tangu iOS 11 ya mwaka 2017 picha zinahifadhiwa kwa muundo wa HEIC, ambao mifumo mingi haiutambui. Kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya miundo, chagua ule unaoendana na vifaa vingi, kisha piga upya.

Jina la faili liwe fupi: herufi, tarakimu na kistari cha chini tu. Cheti_kuzaliwa.pdf inatosha. Nafasi, mabano, mkwaju (/) na alama ya Ng' zinaweza kuuvuruga mfumo.

Hiyo Ng' ina matatizo yake makubwa kuliko faili. Mwenye jina la Ng'wandu anajua. Alama ile katika lugha nyingi za kompyuta inamaanisha mwisho wa maandishi, kwa hiyo mfumo uliotengenezwa ovyo unadhani jina limeishia kwenye g, unagoma. Halafu simu nyingi zinaandika alama iliyopinda badala ya iliyonyooka. Kwa jicho la binadamu ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na majina "hayafanani". Iandike kwa kibodi ya kompyuta, ile iliyonyooka. Ikigoma, nakili jina kutoka mahali ambapo mfumo wenyewe umelionyesha. Usiiondoe alama kwa kubahatisha tu, maana utatengeneza jina la tatu lisilofanana na cheti wala kitambulisho.

Majina yakiwa tofauti kweli, mfano cheti cha kuzaliwa kina majina mawili na cha kidato cha nne matatu, hakuna ufundi wa kompyuta utakaotibu. Hilo ni la wakili na hati ya kiapo au ya kubadili jina, na linachukua siku. Litazame mwezi mmoja kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Vivyo hivyo uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa wanaoomba mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo.

Namba na tarehe

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Zihakiki hizo nane kwanza, ukikosea hapo utaona mara moja. Namba ya mtihani inaanza na S kwa mtahiniwa wa shule au P kwa wa kujitegemea, tarakimu nne za kituo, nne za mtahiniwa, kisha mwaka. Mfumo mmoja unataka mkwaju katikati, mwingine nukta, kwa hiyo tazama mfano uliowekwa chini ya kisanduku. Na sifuri ni sifuri, si herufi O.

Tarehe inadanganya zaidi. Kompyuta iliyowekwa Kiingereza cha Marekani inatanguliza mwezi, hivyo 03/04 uliyoandika kama tarehe 3 Aprili inaingia kama Machi 4. Chagua tarehe kwenye kalenda inayofunguka na usome jina la mwezi.

Mwisho wa maombi ukiandikwa 11:59 PM ni saa 5:59 usiku. Ufadhili wa nje unaofungwa 23:59 kwa GMT, Dar es Salaam inakuwa saa 8:59 usiku, maana tuko mbele kwa saa tatu. Ni faida, ila usiihesabu kwenye mpango wako.

Akaunti iwe yako

Hili ndilo lenye madhara ya muda mrefu. Mhudumu akifungua akaunti kwa barua pepe yake au namba yake ya simu "ili twende haraka", umempa funguo. Barua ya kuitwa kwenye usaili itamfikia yeye. Fungua barua pepe yako mapema, kwa laini yako, na uandike nenosiri kwenye daftari lililo nyumbani. Kama uliwahi kufunguliwa na mtu, ingia leo kwenye mipangilio ya usalama, badilisha namba ya kurejeshea akaunti kwanza, kisha nenosiri. Ukianza na nenosiri na kuacha namba yake, anaweza kulirudisha.

Kwenye kompyuta ya wote fungua dirisha la faragha: Ctrl+Shift+N kwa Chrome na Edge, Ctrl+Shift+P kwa Firefox. Ukimaliza, funga dirisha lote. Dirisha hilo halifuti mafaili uliyopakua, kwa hiyo yafute mwenyewe, na kwenye kapu la taka pia.

Wakati wa kujaza

Mfumo unakutoa ukikaa kimya, mara nyingi baada ya dakika 15 hadi 30. Kuandika si kelele kwake. Unaweza kuchapa aya tatu za maelezo binafsi bila kupumzika, na kwa seva bado umelala, kwa sababu inachohesabu ni kurasa unazoomba au unapohifadhi. Andika maelezo marefu kwenye Notepad, kisha uyabandike. Hifadhi kila hatua inapokuruhusu. Usihame kutoka Wi-Fi kwenda bando la simu katikati ya fomu, maana anwani yako ya mtandao inabadilika na mifumo mingine inakuhesabu mgeni.

Ukurasa ukiganda baada ya kubofya kutuma, usibofye tena. Fungua kichupo kipya, ingia kwenye akaunti, tazama kama ombi limeingia. Kubofya mara mbili kunaweza kuzalisha ankara mbili zenye kumbukumbu namba mbili za malipo, zile tarakimu 12 ambazo wengi wanaziita kontroo namba. Ikitokea, lipia ile inayoonekana kwenye akaunti yako wakati huo, si ile uliyoandika kiganjani jana. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina la taasisi na kiasi vinavyotokea kwenye simu. Namba hizo zina tarehe ya kuisha, na iliyoisha inaombwa upya ndani ya mfumo uleule.

Malipo yakipita na mfumo bado unasema hujalipa, tunza ujumbe wa muamala, subiri saa kadhaa, toka na uingie tena. Usilipe mara ya pili. Ikifika kesho yake bila mabadiliko, peleka namba ya muamala na kumbukumbu namba kwa dawati la msaada, zote mbili katika ujumbe mmoja, na picha ya ukurasa inayoonyesha saa.