Kansa ya seli ndogo kwenye kibofu: tuanze na kisu au kemo?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yetu ana miaka 63, alikuwa anakojoa damu toka mwaka jana na huku kanda ya ziwa damu kwenye mkojo kila mtu anajua ni kichocho, basi akawa anapewa vidonge anarudi nyumbani. Sasa biopsi (kile kinyama walichokata wakapima) imetoka eti kansa ya "smoli seli" ya kibofu. Mi najua hiyo ni ya mapafu, na picha ya CT ya kifua iko safi! Daktari anataka kemo (dawa za kuua kansa) kwanza, kaka mkubwa anasema tuuze ng'ombe atolewe kibofu fasta kabla haijasambaa. Nani yuko sahihi?
Binti wa Sengerema

JIBU: Marahaba binti, poleni na kuuguza. Seli zake kwenye darubini zinafanana na zile za mapafu ndo maana jina moja, ila imeanzia hapohapo kibofuni. Ni nadra, japo inaweza kuanzia hata kwenye koo la chakula, tezi dume au shingo ya kizazi.

Kaka nia yake nzuri ila mi niko na daktari wenu. Hii kansa siku inapoonekana mara nyingi vimbegu vyake vishaingia kwenye damu na CT haivioni, sasa mkitoa kibofu baba akalala wiki kadhaa anauguza kidonda, vile vya huko vinaendelea kukua tu. Kemo yenyewe ni dawa mbili, sisplatini na etoposaidi kila baada ya wiki 3, mara nyingi dozi 4, halafu ndo upasuaji au mionzi kama haijatoka nje ya kibofu. Sisplatini inachosha figo, ulizeni kreatinini yake (kipimo cha damu cha kuangalia figo), ikiwa mbaya huwa wanabadili wanaweka dawa nyingine, kaboplatini. Na akipata homa kati ya dozi, msimpe panado mkasubiri asubuhi, hospitali usiku huohuo.

Sikufichi, ikishafika kwenye ini au mifupa wengi hawamalizi mwaka. Ikiwa bado iko kibofuni wapo wanaofika miaka 5 na kuendelea. Kinachowaponza watu ni kwamba dozi mbili za mwanzo uvimbe unanywea kweli, damu inakata, familia inasema mzee kapona, nauli ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza inaanza kuonekana hasara, wanaacha. Ikirudi hapo haisikii dawa kama mwanzo.

Ng'ombe wauzeni tu, hela iwe ya nauli na vipimo vya damu kabla ya kila dozi. Halafu hujasema kama mzee anavuta sigara, nauliza maana wengi wanaopata hii ya kibofu ni wavutaji, kama anavuta aache leo.