Nani aliyeyahesabu majahazi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwenye tasnifu yangu niandike "vyanzo vya msingi na vya sekondari" au "vyanzo asilia na vya upili"? Nachunguza mji ambao historia inasema uliasisiwa na Washirazi waliokuja kwa majahazi saba, yaani Kilwa.

Jibu: Marahaba. Andika "asilia" na "upili". "Chanzo" limetokana na "anza", na "asilia" linaonyesha kwamba habari imetoka kwa aliyekuwapo au kwenye maandishi ya wakati ule; la "upili" limepokea kwa wengine. "Msingi na sekondari" yananukia kengele ya shule, lakini yameshazoeleka, nayavumilia.

Nisichokivumilia ni hiyo "historia inasema". Historia gani yenye ulimi? Aliyetaja majahazi saba ni mtunzi wa tarihi ya Kiarabu ya Kilwa, yaani kitabu cha habari za kale za mji huo, aliyeandika karne ya 16, wakati safari anayoisimulia imeshapita kwa karne nyingi. Nakala iliyopo British Library, London, ilinakiliwa Unguja mwaka 1877. Mreno João de Barros, kwenye kitabu chake cha 1552, anasimulia majahazi mawili. Saba na mawili! Ukisema "historia inasema", umeyazamisha mawili ya Barros, umemfuta na mtunzi wa yale saba, na msomaji hana wa kumuuliza.

Tena ukishamtaja msemaji ndipo swali lako la asilia na upili linapopata maana. Ukitaka kujua Washirazi walifikaje, mtunzi yule si shahidi, naye alisimuliwa. Ukitaka kujua watu wa Kilwa wa karne ya 16 walijitambulisha kwa asili gani, hakuna chanzo asilia kumpita. Na kwa Kilwa ya mwaka 1331 unaye Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliyefika mwenyewe.

Jina la tarihi ile lina neno "akhbar", wingi wa "khabar", ndiyo habari yetu. Na habari kwetu haiji bila mleta habari. Hata ya msiba tukiletewa, kwanza tunauliza: nani kakwambia?

Kwa hiyo futa, uandike: "Mtunzi wa tarihi ya Kilwa anataja majahazi saba, Barros anataja mawili." Kama kwenye kurasa zako kuna "inasemekana", nayo ifute, kisha unitumie sura hiyo niisome.