Sukari ya asubuhi 114 na usiku hukula kitu

Mama wa Kadutu, unauliza sukari ya 114 (mg/dL) inatoka wapi wakati tangu jioni hukutia kitu mdomoni. Inatoka kwenye ini lako mwenyewe. Kuelekea alfajiri, homoni za kortisoli na glukagoni huliamuru ini limwage sukari kwenye damu. Insulini, homoni ya kushusha sukari, ndiyo ya kulizuia, lakini seli zikishakuwa sugu haisikilizwi vizuri. Bado si kisukari (hicho huanzia 126), ila usipuuze: omba kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3.

Bugali punguza nusu, ongeza sombe (majani ya muhogo) na samaki wadogo wa sambaza, kisha tembea dakika 15. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari hata insulini ikilegea. Lala mapema pia. Dawa za majani za sokoni, mimi nisingezigusa.