Je, ni lazima nilipe 358,322?

SWALI: Habari za kazi. Nina mgahawa na gesti ya vyumba vinane hapa Majengo, Moshi. Nimeajiri mpishi, wahudumu wawili na mlinzi, kila mmoja namlipa 200,000 kwa mwezi. Wote wanakula hapahapa, na mlinzi nimempa chumba. Anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita. Jumapili kijana wangu ndiye analala pale. Tangu itangazwe kwamba kima cha chini cha sekta binafsi ni 358,322 kuanzia Januari 2026, sina amani. Mpishi anasema ndugu yake aliye kwenye hoteli kubwa ya kitalii Arusha anapata zaidi ya hiyo. Ni lazima nami nilipe hivyo? Mbona sikusikia Bunge likipitisha sheria? Na chakula na chumba havihesabiwi?

JIBU: Mama, tuanze na hiyo 358,322. Ni wastani wa sekta zote, si kima cha sekta yako. Tanzania haina kima kimoja cha chini kwa nchi nzima. Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilimpa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri 60,000, wa shambani 140,000, na wa kampuni za kimataifa za nishati 592,000. Wastani uliokuwa ukitajwa ni 275,060, na ile sitini ya mwishoni peke yake inakuonyesha kuwa ni hesabu ya kugawanya, maana hakuna anayepanga mshahara hivyo. Amri mpya iliyotangazwa Oktoba 2025 ndiyo iliyoufikisha 358,322. (Ile 500,000 ya Mei Mosi 2025 ni ya watumishi wa umma, usiichanganye humu.)

Kwenye hoteli, amri hutenganisha hoteli kubwa za kitalii, hoteli za kati, halafu migahawa, gesti na baa. Ndugu wa mpishi wako yuko kundi la kwanza, wewe uko la mwisho. Nenda Ofisi ya Kazi, uombe jedwali la amri mpya, utazame mstari wa kundi lako. Ukikuta kima kimezidi 200,000, ongeza hadi hapo, na tofauti ya tangu Januari uilipe. Ukikuta kiko chini ya 200,000, hulazimiki kuongeza, ila usithubutu kupunguza.

Kuhusu Bunge, lilishamaliza kazi yake zamani. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 ilimpa waziri wa kazi mamlaka ya kutoa amri ya mishahara baada ya bodi ya mishahara kuchunguza na kupendekeza. Amri ikishachapishwa kwenye Gazeti la Serikali na siku yake ya kuanza ikafika, inakubana.

Chakula na chumba: mshahara hulipwa kwa fedha. Huwezi kusema ninampa 150,000 na wali wa 50,000. Makato yanataka ruhusa ya sheria au amri, au deni ambalo mfanyakazi mwenyewe ameridhia kwa maandishi likatwe. Pale ambapo malazi yamezingatiwa, amri yenyewe imeonyesha: mwaka 2022 mfanyakazi wa kawaida wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri alipangiwa 120,000, mara mbili ya anayelala. Kumbuka pia kwamba kima hicho ni kabla ya makato. Sehemu ya mfanyakazi ya mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) inatoka humo, lakini sehemu yako wewe inakaa juu yake.

Sasa, mama, kinachonitisha mimi katika barua yako ni mlinzi. Umemtaja kwa kupita tu, na ndiye atakayekugharimu kuliko amri yote ya mishahara.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Wako anakaa 72. Saa moja ya mapumziko unaweza kuitoa, lakini tu kama kweli yuko huru. Mlinzi anayekula huku macho yakiwa getini hajapumzika. Kwa hiyo saa 27 kila wiki ni za ziada. Tupige hesabu kwa mshahara wake wa sasa. Mwezi una saa 195, yaani 45 mara 4.333. Gawa 200,000 kwa 195, unapata kama 1,026 kwa saa. Saa ya ziada ni mara moja na nusu, 1,539. Zidisha kwa 27, ni 41,553 kwa wiki, na kwa mwezi inapita kidogo 180,000. Karibu mshahara wa mtu wa pili! Na hapo sijagusa nyongeza ya usiku ya asilimia 5 kwa kila saa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi.

Wala usidhani ukilipa hizo umemaliza. Ukomo wa saa za ziada ni 50 katika wiki nne. Wako anafikisha 108. Hilo ni kosa hata kama analipwa vizuri na hajawahi kulalamika.

Ningekuwa wewe ningeajiri mlinzi wa pili, kila mmoja usiku tatu, saa 36 kwa wiki. Zamu ya saa 12 bila ovataimu inaruhusiwa kwa makubaliano ya maandishi, kwa hiyo waandikie mikataba, hata ya ukurasa mmoja. Mshahara upange kwa saa, usishuke chini ya kima cha saa kilicho kwenye jedwali. Huyu wa sasa usimkate nusu ghafla. Kaa naye kwanza mkubaliane, kwa sababu kubadilisha masharti ya mkataba peke yako ni mgogoro mwingine, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ina ofisi hapohapo Moshi.