Jibu: Vumbi la mbao kuwa jeli ya kutunza maji kwenye miche

Mkuu, umeuliza kama vumbi la mbao za paini unalolipata bure huko Mwanza linaweza kuwa haidrojeli, yaani jeli inayonywa na kushika maji, ya kuweka kwenye viriba vya miche. Linaweza, ila si kwa sufuria na jiko la mkaa.

Mbao ni selulosi, lignini na hemiselulosi. Hiyo ya mwisho, ambayo ni minyororo ya sukari (kwenye paini sehemu kubwa ni aina iitwayo galaktoglukomanani), ndiyo unayoitaka. Hutolewa kwa maji yenye joto la zaidi ya nyuzi 150, ndani ya chombo cha presha. Ukichemsha wazi (na sisi wa kando ya ziwa, mita 1,100 na ushee juu ya bahari, hata 100 hatufiki) utaambulia maji ya kahawia tu.

Halafu kuna mafundo, yaani viungo vinavyoshikanisha minyororo hiyo. Nyuzi tupu ukizitupa ziwani zinasambaa. Ukizifunga mafundo unapata wavu. Hemiselulosi ni hivyohivyo: isipofungwa inayeyuka, ikifungwa inavimba na kushika maji. Mafundo mengi kama wavu wa dagaa, jeli inakuwa ngumu na inanywa maji kidogo. Yakipungua mno unapata kamasi.

Mimi, badala ya vumbi, ningeanza na unga wa karboksimethiliselulosi, nao ni mtoto wa selulosi. Koroga na maji na asidi ya sitriki kidogo (ndiyo inayofunga mafundo), mimina kwenye sinia, kausha, kisha oveni ya nyuzi 80 kwa saa kadhaa. Pima kipande kikavu, loweka usiku kucha, pima tena. Kikiyeyuka, mafundo hayajashika.