Korosho zilizokatwa na ukingo wa picha hazijazwi: sababu na dawa yake

Mkuu, swali lako nimelielewa. Umepiga picha korosho ghafi juu ya turubai jeupe, ukaigeuza kuwa picha ya 0 na 1 (korosho ni 1, turubai ni 0), kisha ukajaza matundu. Za katikati zimejaa vizuri, zilizokatwa na ukingo zimebaki na mashimo, na unauliza kama programu ina hitilafu. Haina. Kazi hii naifanya hapa Masasi kila msimu, kwa hiyo nakupa ninavyoifanya.

Tundu linatokana na mng'ao. Ganda la korosho iliyokauka ni laini, jua likilipiga mgongoni kipande cha katikati kinakuwa cheupe karibu sawa na turubai, na kizingiti chako (kiwango cha mwangaza kinachotenganisha 0 na 1), hata kiwe cha Otsu, yaani kinachochaguliwa na programu yenyewe kutokana na picha, kinakihesabu kuwa turubai. Ukipiga picha kivulini matundu yanapungua sana. Anza na hilo kabla hujagusa msimbo wa programu.

Sasa ukingo. Kwa imfill ya MATLAB na binary_fill_holes ya SciPy (maktaba ya Python), ambazo ni amri za kujaza matundu, tundu ni eneo la 0 ambalo hulifikii ukianzia nje ya picha. Chukulia unamwaga maji kutoka pembeni: yanapofika ni nje, yasipofika panajazwa. Korosho iliyokatwa ina mdomo wazi ukingoni, kwa hiyo maji yanaingia mpaka ndani. Tazama hii, imekatwa upande wa kushoto:

1 1 1 0 0
0 0 0 1 0
0 0 0 1 0
1 1 1 0 0
0 0 0 0 0

Zile 0 sita za ndani ni mng'ao, lakini tatizo ni kwamba mbili kati yao ziko kwenye ukingo wenyewe. Programu haina namna ya kujua kwamba korosho inaendelea nje ya picha. Wewe ndiye unayejua, kwa hiyo ni lazima uiambie.

Wengi hukimbilia kuzungushia ukuta wa 1 pande zote nne. Usifanye hivyo. Maji yatakosa pa kuingilia kabisa, na turubai zima litajazwa. Jenga ukuta pande mbili zinazopakana tu, tuseme juu na kushoto, jaza, kisha uondoe ukuta. Kwa Python (np ni NumPy):

k = np.pad(picha, ((1,0),(1,0)), constant_values=1)
a = binary_fill_holes(k)[1:, 1:]

Rudia kwa juu na kulia, kulia na chini, chini na kushoto, kila mara ukianza na picha ya awali. Mwisho unganisha matokeo yote manne: pikseli iliyojazwa katika raundi yoyote ihesabike imejazwa. Pande mbili zinahitajika kwa sababu ya korosho za kwenye pembe, ambazo mdomo wake unafungukia pande mbili kwa pamoja. Turubai lenyewe linabaki salama maana kila raundi ina pande mbili zilizo wazi.

Kwenye mfano wa juu, angalia pia kona ambapo 1 mbili zinagusana kwa mshazari. Maji yakiruhusiwa kupita kwa mshazari, yatavuja hapo na ukuta wako hautasaidia kitu. Yapite juu, chini, kushoto na kulia tu. Hizo amri mbili nilizozitaja ndivyo zilivyo bila kubadilisha chochote, ila ukiandika ya kwako kuwa makini.

Njia hii ina hatari moja. Korosho zikigusana na kuzunguka kipande cha turubai ukingoni, kipande hicho nacho kitajazwa. Toa picha ya awali kwenye picha iliyojazwa, yatabaki maeneo mapya pekee. Pima eneo la kila moja na ufute lile ambalo ni kubwa kuliko mng'ao unavyoweza kuwa. Kipimo hicho ukipate kwa kupima matundu ya korosho nzima zilizo katikati ya picha hiyo hiyo. Usikisie.

Halafu jiulize unajaza ili upate nini. Kama unataka ukubwa wa wastani, korosho zilizokatwa usizijaze, zitoe kabisa, maana eneo lake si la korosho nzima hata ukilijaza. Ujue tu kwamba kubwa ndizo zinazogusa ukingo zaidi, hivyo wastani utashuka kidogo. Picha pana yenye korosho nyingi inapunguza kosa hilo. Kama unataka idadi kwa eneo la turubai, jaza kwanza ili korosho moja isionekane vipande viwili, kisha hesabu zile nzima za ndani pamoja na zinazogusa juu au kushoto, na uache kila inayogusa chini au kulia, hata kama inagusa na upande mwingine.