Kabla hujakata kanopi (kifuniko angavu cha chumba cha rubani) ya ndege yako

Unayejenga RV-7, ile ndege ndogo ya kujiundia mwenyewe, gerejini, najua umeshapiga riveti za mkia na mabawa miezi na miezi. Bamba la alumini likiharibika huumizi kichwa, unaagiza jingine. Kanopi ina mambo yake. Kuba la akriliki, plastiki ngumu inayoangaza kama kioo, huja zima, na kama umechagua ya kuteleza ni wewe utakayelikata vipande viwili: cha mbele kiwe kioo cha kukinga upepo, cha nyuma kiteleze. Ukilipasua, unanunua kuba zima.

Ogopa baridi kuliko kitu chochote. Mimi niko Minnesota, kaskazini mwa Marekani, na jioni moja ya Novemba nilizima hita mapema kwa sababu lilibaki tundu moja tu. Nikasikia "tik!" Ufa wa urefu wa kidole. Nilitoboa kitundu kwenye ncha yake ili usiendelee, nikaingia ndani kulala bila kula. Siku hizi siigusi akriliki chini ya nyuzi 25 za Selsiasi, na hita naiwasha tangu asubuhi, maana hewa ya gereji hupata joto kabla ya plastiki yenyewe. Iguse kwa kiganja kwanza.

Kukatia, tumia grenda ndogo yenye diski. Meno ya msumeno hunasa na kupasua. (Vumbi lake hunata kila mahali. Anua nguo kwanza, kama unapenda amani nyumbani.) Kata kidogo kidogo, pandisha kwenye fremu, tazama, shusha, kata tena. Mimi niliacha kuhesabu baada ya mara ishirini. Halafu piga msasa ukingoni hadi ukucha upite bila kukwama, kwa sababu ufa hupenda kuanzia kwenye mkwaruzo.

Biti ya drili iwe ya kutobolea plastiki, ile ya ncha kali. Biti ya kutobolea chuma huivuta akriliki, na ikitokea upande wa pili inang'oa kipande. Tundu nalo liwe pana kuliko riveti. Wageni wengi hulibana wakidhani ndiyo ufundi. Akriliki hutanuka kwa joto karibu mara tatu ya alumini: kipande cha mita moja na nusu, joto likibadilika nyuzi 40, kitaizidi fremu kwa karibu milimita 3. Kikikosa pa kwenda kinapasuka, pengine miezi mingi baada ya wewe kusherehekea.

Wengine huacha riveti na kugundisha kwa gundi ya Sikaflex. Ni njia nzuri, ila fuata maandalizi ya mtengenezaji neno kwa neno.

Kusafisha ni maji na sabuni laini. Asetoni, petroli na dawa za vioo zenye amonia huacha nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui.

Ule ufa wangu bado upo, nyuma ya kichwa cha abiria. Niliwekea alama ya kalamu kwenye ncha, na kila ukaguzi wa mwaka ndiyo ninaoutazama kwanza.